Kadi ya Jina Moja

Ukunda, 4 Februari

Nyanya mpendwa, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima. Barua hii nimempa jirani yangu Philister, yule muuguzi anayekwenda kazini huko Msambweni kila siku, maana simu yako mume wangu Swabir aliitupa kisimani.

Nataka shauri. Wageni ninaowapikia kwenye zile nyumba za Diani hulipa siku ya kuondoka, lakini mchele, mafuta na samaki lazima ninunue mwanzo. Benki inatoa kadi ya mkopo kwa wenye biashara ndogo: unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi. Ziko mbili. Kubwa itakuwa ya Swabir, kwa sababu leseni ya biashara niliiandikisha kwa jina lake. Mimi nitapewa kadi ya pili chini yake. Ndogo itakuwa yangu peke yangu, lakini wanataka leseni mpya, na amana ifungiwe benki kama dhamana.

Mume wangu anataka kubwa. Amenieleza kwa wema. Nichukue ipi?

Mjukuu wako,
Waridi

Msambweni, 6 Februari

Waridi, marahaba. Mguu unauma na utauma, usiniulize tena kama daktari.

Amekueleza kwa wema? Philister ameniambia mdomo wako umepasuka. Yule mwanamke wa bara hajui kuficha, nami nampendea hiyo. Wema gani unaopasua mdomo?

Leseni ile nilikugombeza siku ulipoiandikisha. Ukanijibu, "Nyanya, ni heshima, nyumba ina mwenyewe." Haya, mwenyewe huyo amekata kitunguu gani? Amekuna nazi gani? Sasa na kadi iwe yake, nawe uwe mgeni jikoni kwako, uombe ruhusa ya kununua chumvi!

Chukua ndogo. Mimi nilisoma ngumbaru tu, lakini kuuliza najua. Muulize yule wa benki: nisipolipa yote mwisho wa mwezi, riba yenu inakula kiasi gani? Nikitoa pesa taslimu kwa kadi hii, riba inaanza lini? Akisema inaanza siku hiyo hiyo, basi kadi ni ya kununulia mchele, haitoi pesa hata kama maiti iko ndani. Na kwa mwaka wanakata nini, hata ikikaa kabatini? Akikujibu kwa Kiingereza, keti hapo mpaka ajibu kwa Kiswahili.

Amana isikutie wasiwasi. Nimemtuma Chome, yule dalali wa ng'ombe wa Kinango, aniuzie fahali wangu.

Na huo mdomo usiufunike kwa mtandio. Babu yako alinipiga mara moja. Nilimmwagia uji wa moto mapajani, akalala msikitini juma zima, na hakurudia mpaka tulipomzika.

Nyanyako

Ukunda, 21 Machi

Nyanya, shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umekula, umeshiba.

Mwandiko ni mbaya, naandika kwa mkono wa kushoto.

Niliitia saini ile kubwa. Usinilaani. Pale benki alisimama nyuma yangu, kiganja chake shingoni kwangu, vidole vikibana kila nilipofungua mdomo. Binti wa benki akatabasamu, akaniambia, "Mama, umepata mume anayekupenda."

Tangu hapo yeye anatoa pesa taslimu kwa kadi yake, anakunywa. Jumamosi nilikuwa na wageni wa harusi. Nikafika kaunta ya supamaketi na toroli limejaa, kadi yangu ikakataa; kumbe mkopo wa kadi zote mbili ni mmoja, na alikuwa ameumaliza. Nikarudisha mchele mfuko baada ya mfuko, watu wananitazama. Harusi akapika mtu mwingine.

Nilipomuuliza, alinishika kiwiko akakikandamiza kiganja changu cha kulia kwenye makaa. "Mkono huu ndio unaojua kunihesabia?" Kisha akahesabu yeye, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Ngozi ilibaki jikoni. Nimehamia kwa Philister.

Usije, Nyanya. Atakuua.

Mjukuu wako,
Waridi

Kituo cha polisi, 24 Machi

Waridi, marahaba. Mimi ni mzima kuliko wote waliomo humu.

Ulisema nisije. Nimekuja. Mchi wangu niliufunga leso mgongoni kama mtoto. Nilimkuta mumeo anakula wali na papa, miguu kainyoosha mkekani. "Shikamoo, Nyanya," mdomo umejaa. Nikaitika marahaba, maana mimi nilifunzwa adabu. Kisha nikaushusha mchi kwenye goti lake.

Likaalika kama kifuu. Akanivurumishia sahani, ikanichana juu ya jicho. Nikamshukia tena, kwenye mkono ule unaobana shingo za watu, nikasikia mfupa. Pigo la tatu nilitaka liwe la kichwa, lakini damu ilikuwa imeniingia machoni, nikapiga ukuta. Ana bahati. Kadi nikaitoa mfukoni mwake, nikaitia kwenye jiko lile lile. Ikajikunja, ikanuka, yeye anapiga kelele, mimi naitazama mpaka ikaisha.

Majirani ndio walionivuta. Hapa kuna kijana wa polisi ananiita shosho, ndiyo nyanya kwa lugha yao ya bara. Nimemwambia shosho yuko kwao. Ameniletea chai.

Sasa sikiliza. Wanataka dhamana ndipo wanitoe. Pesa za fahali ziko kwa Philister. Usizilete hapa! Kauonyeshe mkono hospitali, wakujazie fomu ya polisi. Panda Kwale uandikishe leseni kwa jina lako. Kisha benki, uichukue ile ndogo. Ukinitoa kwa pesa za fahali, nitakwenda kulivunja goti la pili ili wanirudishe.

Na ukilia mbele ya watu wa benki nitajua.

Nyanyako

Ukunda, 2 Mei

Nyanya, shikamoo. Nimesikia kidonda cha jicho kimefunga, na kwamba ulipofika nyumbani ulianza kugomba kabla hujavua viatu.

Nilikutii, lakini usingizi sikuupata mpaka walipokuachia. Nani angedhani ni Swabir atakayekutoa? Aliona haya kuandikisha kwamba amepigwa na kikongwe, akawaambia ameteleza kisimani. Wewe wakakuacha, mchi wakauzuia. Kesi ya mkono wangu inaendelea, na huko hajapata la kusingizia.

Benki wamesema deni la kadi kubwa ni la mwenye kadi, na mwenye kadi ni mwenye leseni. Ile heshima niliyompa amebaki nayo yote.

Kwa Philister nimetoka, nimepanga chumba ambacho Swabir hakijui. Kadi ndogo imekuja. Ina jina langu, hakuna jingine. Vidole bado havikunji vizuri, lakini dukani niliichomeka mwenyewe kwenye mashine, kwa mkono wa kulia. Ikakubali. Kitu cha kwanza nilichonunua anakuletea Philister. Ni kirefu, nimekifunga gazeti.

Mjukuu wako,
Waridi

Msambweni, 5 Mei

Waridi, marahaba.

Mchi nimeupokea. Ni mwepesi, mti mbichi, waliokuuzia ni wezi. Ungeniuliza kwanza. Kwa sasa utatosha.

Swabir alipita hapa jana, mkongojo kwapani, anaulizia ulikohamia. Alisimama uani, salamu hakutoa. Nilikuwa natwanga pilipili. Niliacha kutwanga, nikaunyanyua mchi. Alivyoondoka na mguu ule, hata kuku walimpisha.

Mwisho wa mwezi usikupite. Lipa yote.

Nyanyako