Arobaini ya Matumbawe

Yakobi, Njombe
3 Mei 2025

Baba mpendwa,

Kuna mlio umekaa kichwani mwangu tangu siku ya Idi. Ni ule wa kishina cha tumbawe nililokuletea kilipogusa jiwe ndani ya tangi lako la samaki. Tik. Sebule ilijaa wageni, sahani zinagongana, watoto wa jirani wanagombea kashata, lakini mimi nilisikia hiyo tik peke yake. Hata sasa nimeanza nayo kabla ya salamu. Nisamehe.

Shikamoo Baba. Magoti yanaendeleaje? Huku mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inaanza kuuma. Asubuhi nafundisha nikiwa na koti, jioni naangalia kama hita ya tangi langu dogo bado inafanya kazi. Mama Telesia, mwenye nyumba wangu, akinisalimu "Kamwene, mwalimu," huchungulia dirishani aone kama samaki wangu nao wamevaa sweta.

Umesema simu ni ya mizigo na ugomvi, na kwamba kwenye barua siwezi kukukatia. Basi naandika. Tumbawe la marehemu mama linaendeleaje? Niambie rangi yake ilivyo, usinifiche.

Mwanao,
Yasmini


Makambako
11 Mei 2025

Mwanangu Yasmini,

Marahaba, na Mungu akuzidishie afya. Magoti ni yale yale, yanaamka kabla yangu. Biashara inakwenda.

Umeuliza kana kwamba ulikuwa unaniona. Tumbawe la mama yako limefifia. Upande wa dirishani limekuwa kama kitambaa kilichoingia jiki. Unajua nilivyolianzisha tangi hili alipohamia huku kutoka Tanga akawa analia kwamba hapa hakuna hata harufu ya bahari. Miaka kumi na tano lile tumbawe limekua mbele ya macho yangu, sasa linakufa kwa wiki nne.

Nimewaza sana. Taa ni zile zile. Chumvi nimeipima mara tatu. Kila tumbawe jipya hapa hukaa arobaini uani kwenye beseni, kama mzazi, ndipo liingie ndani. La kwako ndilo pekee lililoingia siku ile ile, maana zawadi ya Idi ya mwanangu siwezi kuiweka uani wageni wakiona. Na hilo limetoka kwa mtu aliyesomea mambo haya.

Kilichobaki ni maji. Halfan alileta mapipa sita ya maji ya bahari wiki moja kabla ya Idi. Huenda aliona uvivu kufika ufukwe wetu, akachota pale wanapooshea vyombo vya uvuvi. Dereva ni dereva, hata akiwa ameniendeshea lori miaka kumi na moja.

Baba yako


Yakobi
16 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mawazo. Mimi sijambo.

Usimhukumu Halfan bado. Fanya hivi kwanza. Kata tawi moja la tumbawe la mama, liweke kwenye ndoo yenye maji ya tangini. Tia iodini ya vidonda mpaka maji yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji, lipulizie tawi kila upande. Kisha mimina maji hayo kwenye sahani nyeupe. Ukiona vitu bapa vinajikunja, kama nusu ya dengu au vidogo zaidi, hiyo ni minyoo. Ikiwa juu ya tumbawe huwezi kuiona, kwa sababu inakula rangi yake na kuwa na rangi hiyo hiyo. Utaona tu alama za mviringo, nyeupe, ilipouma.

Mayai yake yako chini kwenye shina, yana rangi ya asali. Iodini haiyaui. Yakwangue kwa wembe. Rudia kila wiki, wiki sita, maana kuna yatakayokuponyoka na kuanguliwa.

Juzi Mama Telesia alinikuta nimeinamia sahani na lenzi. "Mboga gani hiyo unayochambua hivyo, mwalimu?" Nikamwambia ni minyoo. "Basi njoo kwenye viazi vyangu. Huko wadudu wanaonekana bila miwani." Alicheka peke yake.

Nakuomba tena, suala la maji liache kwanza.

Mwanao,
Yasmini


Makambako
28 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimefanya kama ulivyosema. Katika tawi moja tu ilianguka minyoo thelathini na mmoja. Nilikaa chini. Umesoma, mwanangu, na leo nakiri mbele yako kwamba siku ile ulipoikataa ofisi yangu ya malori ukaenda kufundisha, nilikosea kukununia.

Sasa ushahidi upo. Nilimwita Halfan nikamwonyesha sahani. Akasema, "Bosi, mimi naona uji umemwagika."

Nikamwambia, "Hii imetoka kwenye mapipa yako. Apa kwamba ulichota pale tulipokubaliana."

Aliisukuma sahani kidogo. Kisha akasema, "Nimekuzikia mke, bosi. Mwili wa mama Yasmini niliuendesha mimi mpaka Tanga. Leo niape kwa ajili ya maji?" Akaweka funguo za lori juu ya meza, karibu na sahani, akatoka.

Asiyeweza kuapa ana lake. Mtaa mzima umekwisha sikia, na mimi sikukanusha. Njoo Idi ya kuchinja unisaidie kukwangua mayai. Macho yangu hayatoshi.

Baba yako


Makambako
15 Juni 2025

Yasmini,

Natumaini u mzima. Idi imepita, hukuja, na barua yangu haijajibiwa. Nilimpigia mwenye nyumba wako, akasema unaenda kazini kama kawaida ila huli.

Nilipochinja nilimpelekea Halfan fungu lake, kama kila mwaka. Ugomvi ni ugomvi, nyama ni nyama. Mkewe, Ashura, aliirudisha mwenyewe. Sinia limefunikwa vile vile na kitambaa changu. Hakunisalimu. Mimi nilisimama mlangoni na sinia mkononi, watu wanapita.

Halfan sasa anapakua magunia sokoni. Wenye malori wengine wanasema hawataki dereva aliyemwibia safari tajiri wake.

Kama nimekukosea, niandikie. Wewe si mtu wa kunyamaza hivi.

Baba yako


Makambako, nyumbani kwa Halfan
21 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa Ashura, na leo sitaulizia magoti.

Maji ya Halfan yalikuwa safi. Minyoo ililetwa na mimi. Lile tumbawe nililinunua kwa mtu anayeyakuza Dar, na siku mbili kabla ya Idi niliona alama tatu za mviringo karibu na shina. Nilijua ni nini. Nilijiambia utaliweka kwenye beseni uani kama kawaida yako, na arobaini itanisitiri. Kisha ukalipokea mbele ya wageni, ukasema, "Hili halingoji," ukalitumbukiza. Ningeweza kusema neno moja. Lakini ulikuwa unaniangalia kwa namna ambayo hujaniangalia tangu nilipoondoka, nami sikutaka uache.

Uliposema ni Halfan, nilikuelekeza iodini. Ndivyo nilivyofanya: nilikupa dawa yote isipokuwa ukweli. Barua yako ya funguo niliisoma mara nyingi sana, na kila mara nilipofika pale unapokiri kwamba ulikosea, niliikunja.

Nimefika tangu asubuhi. Nimeanza kwa majirani wote waliokuwa sebuleni siku ya Idi, nyumba saba. Kila mlango nimesema maneno yale yale: ni mimi niliyeleta, nilikuwa najua, na Halfan hana kosa. Sokoni nimeyasema mbele ya wapakuaji na madalali. Mmoja akauliza kama mwalimu anaumwa.

Halfan aliponisikia nikieleza kwamba minyoo yenyewe ni kama nusu ya dengu, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimefukuzwa na dengu!"

Ashura hakucheka. "Wewe cheka. Mimi nimeulizwa kisimani kama mume wangu anatia sumu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, uliniita shangazi ukiwa mdogo. Nilikusuka mimi. Wiki ngapi hizi ulikuwa unajua, ukanitazama hivi hivi?"

Halfan hajasema kama atarudi kwenye lori. Sikumwomba. Hilo mtazungumza nyinyi wawili, ukienda wewe kwake.

Tumbawe la mama bado linaweza kupona sehemu ya kivulini. Wembe mpya na iodini viko kwenye mfuko unaokuja na barua hii.

Barua hii sikuifunga. Nimemsomea Halfan neno kwa neno mbele ya mkewe, na nimemkabidhi yeye akuletee. Amekubali kungoja mlangoni mpaka umalize kuisoma.

Mwanao,
Yasmini