Goti la Corbin

Amne, uko wapi? Nimejifungia chooni kanisani, hapa Tumba, nacheka peke yangu kama mwehu.

Unamkumbuka Corbin, yule mrefu kwenye timu yangu ya fantasi, ule mchezo wa simu wa kujichagulia wachezaji wa kweli? Yule wa ule mpira wa Australia, anayeruka kugombea mpira refa akiurusha juu, kila akiupiga kwa mkono napata pointi.

Si aliumia goti? Nikamwambia Mama, "Corbin wangu kaumia, wiki sita hachezi." Corbin wangu. Ndivyo nilivyosema, kosa langu. Mama wala hakuuliza Corbin ni nani.

Jumapili iliyopita mimi niko kazini Märsta, yeye kasimama kwenye maombi: "Tumwombee Corbin wa binti yangu Malaika, goti lake." Kanisa zima likamwombea. Amne, kanisa zima. Mzee Ludovick alilikemea lile goti dakika kumi.

Mimi nimejua leo, kwenye kahawa ya kabla ya ibada. Mama Clementina kanikumbatia: "Mkwe wetu anaendeleaje?"

Mkwe. Corbin.

Nikaropoka, "Amepona, jana kacheza."

Na kweli kacheza. Daktari alisema wiki sita, yeye karudi baada ya mbili. Pointi mia na thelathini na moja, hajawahi kuzifikisha maishani.

Ukumbi mzima vigelegele. Sasa wananisubiri nikatoe ushuhuda mbele ya watu.

Nishuhudie nini, Amne? Kwamba kanisa zima liliamini isipokuwa mimi? Jumatatu nilimtoa kwenye timu.