Mama, Damu Ile Haikuletwa na Chacha

Mama uliyenioa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulikuwa hupendi mtu aanze maneno bila salamu, na leo nahitaji kuanza na kitu ninachokijua. Naogopa, mama. Wiki mbili sasa naogopa.

Watu wasiotoka huku Tarime hushangaa nikisema niliolewa na mwanamke. Nimechoka kueleza. Ulikuwa mjane, mabinti zako wameshaolewa wote, huna mtoto wa kiume wa kushika boma, ukatoa ng'ombe kwetu ukanichukua kwa mila ya nyumba ntobu ili nikuzalie. Mwenye nyumba ni wewe, mwenye mke ni wewe, na mwanamume wa kuja kulala ulimchagua wewe. Siku ya kwanza ulinikagua kutoka kichwani mpaka miguuni ukasema nimekonda lakini naonekana nina akili, tutaona. Nilitaka kulia. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unasifia watu.

Ukamleta Chacha, mtoto wa shemeji yako. Tukampata Neema, tukampata Robi. Wasichana wawili, na kila ukimpokea mtoto unamshukuru Mungu, halafu hapo hapo unauliza wa kiume anakuja lini. Uliwapenda lakini. Bado nakuona, mmoja mgongoni, mwingine ameng'ang'ania gauni lako, na wewe unawapigia mbuzi kelele watoke kwenye mtama.

Halafu damu ikaanza. Chacha akija, asubuhi yake nakuta doa. Siyo siku zangu, siku zangu nazijua. Haikuuma sana, ilikuja tu. Nikawa nafua kanga mapema na kuianika nyuma ya ghala, lakini macho yako hayakukosa kitu. Uliishika ikiwa bado mbichi ukauliza hii ni nini. Nikakwambia ukweli, kwamba ni kila tukikutana. Ukaenda kuchukua fimbo.

Maskini Chacha. Ulimwita mbele ya ndugu zake ukasema ni mtu wa fujo, anamuumiza mke wako, asikanyage tena kwako. Mwanamume mzima anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, najua hajawahi kuniumiza hata siku moja, na sikufungua mdomo. Ulikuwa unanitetea, mama. Kabla yako hakuna mtu aliyewahi kunishikia fimbo.

Na damu ikakoma. Miezi minne, hata tone. Ukatembea kijiji kizima cha Kerende kifua mbele. "Umeona?" uliniambia. "Ugonjwa ulikuwa na miguu, umekwenda zake." Nikaamini. Tuliamini wote wawili. Hatukujiuliza damu inayokuja baada ya kulala na mwanamume itatoka wapi kama mwanamume mwenyewe umemfukuza. Jambo dogo namna hiyo, na tulikaa nalo miezi minne tukishangilia.

Ukamleta Mwita. Mpole, hata mlango anaufunga kama anaogopa kuuamsha. Mara ya kwanza tu, doa. Nililiangalia pale kwenye shuka. Nikajua si Chacha wala si Mwita, ni mimi. Sikukwambia. Nilihofia safari hii fimbo itanigeukia, useme nimeharibika, unirudishe kwetu. Nikaanza kumkwepa yule kaka wa watu. Leo siku zangu, kesho kichwa, keshokutwa mtoto ana homa, mpaka akachoka akaacha kuja. Na wewe ukamlaumu yeye, ukasema wanaume wa siku hizi hawana nguvu! Baada ya mavuno presha ikakuchukua. Ukaondoka hujui. Ndiyo nakwambia sasa.

Tangu tukuzike hakuna mwanamume aliyeingia nyumba ile, na bado mwezi uliopita damu ikaja yenyewe. Hapo nilibaki sina wa kumsingizia.

Wiki ile ile nilimpeleka Robi zahanati, Nyangoto. Nesi wa pale, dada mmoja mgeni kutoka Moshi, akatuuliza wanawake tuliokaa kwenye benchi kama kuna anayetoka damu baada ya kukutana na mume. Wote tukatazama chini, ungefikiri kuna sindano imeanguka. Niliwangoja wenzangu waondoke, nikamwambia. Aliuliza imeanza lini, kuna harufu, kiuno kinauma, natumia njia gani ya uzazi wa mpango. Akasema inaweza kuwa maambukizi, hayo yana dawa, ila na mwenzangu naye atibiwe. Inaweza kuwa kijinyama kwenye mlango wa kizazi, kinatolewa. Waliokoma hedhi wengine hutoka damu kwa sababu ya ukavu tu. Na inaweza kuwa saratani, au mabadiliko yanayoelekea huko.

"Ni ipi kati ya hizo sijui, na wewe hujui," alisema. "Lakini damu ya namna hii haisubiriwi."

Akaniambia nije na mume. Nikasema amefariki. Akasema pole sana, alikuwa anaumwa nini? Nikasema presha, alikuwa bibi mtu mzima. Kalamu ikasimama. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini, na mimi ningecheka na wewe. Peke yangu nilishindwa.

Alinipima, maambukizi hakuyaona, akaniandikia barua ya hospitali, Tarime mjini. Nilifikia kwa binti yako pale Nkende. Daktari alikuwa mwanamke, alinieleza kila anachofanya. Alipaka siki kwenye mlango wa kizazi, kwa kuwa palipo na shida huwa panageuka peupe. Halafu akaacha kueleza. Mama, daktari akikunyamazia wakati umelala umepanua miguu, hilo lisikie kwa mwenzio. Akasema kuna mahali hapapendi, akakata kipande kidogo kikapimwe. Kama ni mabadiliko ya mwanzo watayatibu na nitarudi nyumbani. Kama yamezidi, huenda kizazi kikatolewa, au nipelekwe mbali kwa mionzi. Nikamuuliza kikitolewa nitazaa tena? Mtu mzima na akili zangu. Nilitaka tu aseme kitu kingine.

Majibu ni keshokutwa. Nikimsuka Neema nawaza nani atamsuka, nikimkaripia Robi namwomba msamaha hapo hapo, mpaka watoto wananiangalia. Ningekwambia mapema tungekuwa tumekwenda zamani. Najua ungenipeleka. Ungenigombeza njia nzima, lakini ungenipeleka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kile kipande walichokata.

Juzi nilikutana na Chacha mnadani. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote, kwamba tulimwonea, kwamba nilijua siku ile ile na nikanyamaza. Nilitegemea anitukane, na alikuwa na haki.

"Umeshapimwa?" akauliza.

Nikasema ndiyo, nangoja majibu. Akauliza ni siku gani. Alisema atakuja asubuhi, watoto tuwaache kwa mama yake, na yeye atakaa na mimi kwenye benchi. Wakimuuliza yeye ni nani, atajua mwenyewe cha kuwaambia.

Sasa lile ninaloogopa kukwambia. Ulinitolea ng'ombe ili nyumba yako ipate mvulana, na sijampata. Daktari akisema kizazi kitoke, mama, nitasaini. Sitaomba muda wa kufikiri wala sitawauliza wakwe. Najua utakasirika huko uliko. Kasirika. Nitakuja kaburini kukuomba msamaha, ila nije natembea, nimemshika Neema mkono huu na Robi mkono huu.

Mkeo,
Ghati