Nilivyoitikia kwa Kichwa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Naijua kwa ukuta — ukiuegemea unatetemeka kidogo kidogo, mpaka usingizi unakuja wenyewe. Kofia ya viua, ile ya vitundu vya kudarizi, nimeishona nusu, nusu nimeota. Wawi yote, kijiji chetu hapa Pemba, nyeupe leo, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Saa nne kaja Shangazi Mwanakhamis. Kasimama mlangoni, mwanga nyuma yake, tambuu shavuni. Midomo yenye tambuu haisomeki! Inatafuna huku inasema, hujui lipi neno, lipi mate. Nikaona "mwanangu". Nikaona kama "Mungu". Mengine yakapita. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema tena. Nikaitikia. Mara ya tatu nikaitikia na tabasamu juu yake.

Ndivyo nifanyavyo siku zote. Wanaosikia wakirudia neno mara mbili wanachoka, uso unawashuka, wanaona haya wao badala yangu. Nawahurumia. Basi nawaitikia, yaishe, wapumzike.

Shangazi akanikumbatia, akalia. Nikadhani kuna msiba. Nikamwangalia vizuri — analia na anacheka. Basi si msiba. Nikarudi kwenye sindano yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Nyumba imebadilika. Nikiingia jikoni midomo inafunga. Wananitazama kwa jicho lile la kumtazama mtoto mgonjwa aliyekubali kunywa uji. Ami Pandu, ndugu yake marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka kumi, kanunua nguru mzima na kipande kinono kaniwekea mimi. Kwa lipi?

Mchana nikalala, nikaota. Wote humu ndani walikuwa wanasema kwa mikono. Shangazi mikono yake mbio mbio, mpaka bangili zinapanda kiwikoni. Ami anatania kwa vidole. Mimi peke yangu ndiye niliyesema kwa mdomo — na nikajisikia! Sauti ya mtoto wa miaka tisa, ile ya kabla ya homa. Nikaamka nimejishika koo. Nikakaa muda mrefu sijui nipo wapi. Ilikuwa raha.

Wananiita bubu. Mie si bubu! Kiziwi, sawa. Sauti ninayo, nimeiweka tu, kwa sababu watu wakiisikia huangalia chini.

Ijumaa, 9 Mei

Asya kaja kutoka chuo, Unguja. Binti yake Ami. Ndiye pekee humu ajuaye lugha ya alama. Tulijifunza pamoja, yeye kwa mchezo, mie kwa shida. Kanivuta mpaka migombani. Mikono yake ikasema: hongera.

Ya nini?

Ya ndoa.

Ndoa ya nani?

Akanitazama. Yako!

Loo! Nikakaa chini pale pale kwenye majani mabichi, kanga ikaroa. Jecha wa Micheweni — yule anayechukua kofia zangu kwenda kuuza. Kafiwa na mke mwaka juzi. Kapeleka posa kwa Ami, Shangazi kaja kuniuliza. Kaniuliza mara tatu, na mara tatu nimekubali. Tena kwa tabasamu! Nikaha Ijumaa ijayo, baada ya alasiri.

Nikaandika karatasi, nikampa Ami: Sikujua nilichoulizwa. Akasoma, akacheka kwa upole, akanipapasa kichwa. Kamwambia Asya ni haya tu, wanawali wote ndivyo walivyo. Karatasi kaikunja, kaitia mfukoni. Nilitaka kulia, hasira zikanizuia.

Jumatano, 14 Mei

Siku zinapita, mie nazitazama kama nimo ndani ya chandarua. Wanawake wanakuja, wananishika mikono, wananinukia udi na vitunguu. Wanasema — hili nalisoma vizuri, halina tambuu — maskini, Mungu kamkumbuka. Maskini! Mie ambaye kofia zangu zinavaliwa mpaka Maskati?

Asubuhi nimemwandikia Jecha kwenye simu: Kwa nini mimi?

Akajibu: Nimekuonea huruma. Nitakusaidia maisha yako yote, inshallah.

Unataka mke au thawabu?

Si vyote viwili?

Nikacheka peke yangu! Mtu mwenyewe hana ubaya, hilo ndilo linaloniudhi. Nikamwandikia: Tukigombana na umeme umekatika, utanielewaje?

Adhuhuri akajibu: Hilo sikuwahi kuliwaza. Tutanunua tochi.

Tochi! Nimelala chali, simu kifuani, nalitazama paa. Nikajiona na Jecha tunagombana, tochi inahama mkono kwa mkono, mara mikono yangu, mara midomo yake. Sijui kama simtaki. Kweli sijui. Najua tu kwamba sijaulizwa.

Ijumaa, 16 Mei

Hina imekolea, vidole vinanukia. Asya kanieleza itakavyokuwa: Ami ataingia na mashahidi wawili, atake idhini yangu. Mwanamwali akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa.

Nikamwuliza: na mie je, niliyenyamaza miaka kumi na tano?

Akashusha mikono, akaanza kunifunga mtandio.

Nimekaa mkekani sasa, mtandio kichwani, daftari mapajani. Shangazi ananirekebisha ukosi. Wanakuja.

—

Wamekuja. Ami kasimama kizingitini, mwanga nyuma yake, mashahidi kushoto na kulia. Midomo ikacheza. Nikaona jina langu, Ruweida. Nikaona jina la Jecha. Mengine yakapita. Shangazi keshaweka ulimi tayari kwa kigelegele. Wote wananingojea ninyamaze.

Na kichwa kikataka kuitikia chenyewe! Shingo ilishaanza. Nikaweka mkono kooni, nikasema. Kwa mdomo.

"Sijasikia."

Sijui ilitokaje. Mkononi niliihisi inakwaruza. Mashahidi wakaangalia chini, kama kawaida ya watu. Kigelegele cha Shangazi kikaishia kinywani. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi: "Ami, sijasikia. Niulize."

Ami kaingia, kakaa mbele yangu, uso kaugeuzia dirishani, mwanga umpige midomoni. Machozi yanaingia ndevuni, Mungu wangu, sijapata kumwona Ami analia. Katia mkono mfukoni, katoa karatasi yangu ile ya wiki iliyopita, kaisoma upya. Kisha kaninyooshea mkono, kataka kalamu. Nimempa.

Haya nayaandika kwa penseli ya kuchorea kofia. Ami kapiga magoti, anaandika polepole, anafuta, anaandika tena. Shangazi anasema kitu, Asya anamzuia. Dirishani namwona shehe anatazama saa, na Jecha kando yake, kanzu mpya, ananyoosha shingo ajue kuna nini.

Swali linakuja. Jibu sinalo bado, na sitaki mtu anisaidie kulitafuta.