Gramu Nane

Jumamosi, Kibosho

Hatimaye gramu nane! Wiki nzima hesabu hii ya kemia ilikuwa inanipa gramu kumi za oksidi, wakati magnesiamu na oksijeni ninazochanganya hazifiki hata tisa kwa pamoja. Nilidhani chenye uzito mdogo ndicho huisha kwanza. Mwalimu anaandika tu "Rudia". Inaudhi!

Leo mama alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya harusi ya dada, nami nikikoroga ndizi jikoni. Ulezi ulikuwa kidogo kuliko ndizi, lakini akasema, "Ndizi hazitatosha, ulezi utabaki." Kumbe ni uwiano, si uzito! Nikaacha mwiko, nikakimbilia daftari, nikabadili gramu kuwa moli. Magnesiamu ndiyo inayoisha, ingawa ndiyo nzito.

Huku nyuma ndizi zikaungua.

"Haya, msomi," mama akasema, "piga hesabu tutapata mbege kiasi gani sasa."

Mtihani wa Jumatatu bado unanitisha, lakini si kama jana. Hata jibu la swali la mama nilikuwa nalo: sifuri. Sikuthubutu kulisema.