Ubeti Nlioinukia Alasiri ya Idi

Kwako mtalaka wangu Bi Mwanakheri, huko uliko Kizimkazi,

Ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Kisiwa hiki chote hapana aliyemrekodi Bi Marashi kama nlivyomrekodi miye. Kila alipopanda jukwaani kuimba, redio-kaseti yangu ilikuwa miguuni pake, na kanda zake zote nnazo, hata moja haijapotea.

Uongo. Nnakuona unavyobinua mdomo, basi tusichoshane. Maonyesho mengi nliyakosa. Mara betri zimekufa, mara nna homa, mara umenifichia kanzu kwa sababu unazozijua mwenyewe. Na kanda saba nlizinunua Darajani kwa muuza kanda, nikabandua karatasi yake nikabandika yangu: Kazi ya Fundi Makame. Mtu wa darasa la nne, mwandiko kama kuku kapita, lakini watu waliamini.

Zilizobaki ni zangu kweli, na hizo ndizo zilizonitia mashakani.

Tangu Bi Marashi afariki, watu wa redio wanatafuta nyimbo zake alizoimba mbele ya watu. Zile za studio hawazitaki tena, wanasema hazina roho. Wanataka ukumbi unapumua: viti vinalia, mtu anakohoa, fidla inatafuta sauti. Akaja kwangu hapa Ng'ambo mwanamke mmoja wa makamo, Bi Salma, na kompyuta yake na vile vya kuvaa masikioni. Siku tatu amekaa barazani kwangu anasikiliza kanda moja moja, miye nnampa kahawa na kumwambia uongo mdogo mdogo.

Nakwambia, Mwanakheri, kwenye kanda zile weye umo. Huonekani lakini umo. Katika vigelegele vya wanawake mia, chako nnakijua, kinapanda, kinapanda, kisha kinakatika ghafla kama kimejikwaa kizingitini. Nlikuwa nikikucheka. Nlikuambia kigelegele chako kina pumu, ukanipiga kwa kipepeo cha jikoni. Ulikuwa ukikaa upande wa wanawake, safu ya tatu, buibui umelishusha mabegani, na Bi Marashi akifika pale anapoburura neno mpaka watu wanasahau kumeza mate, ulikuwa unageuka kunitafuta kwa macho, uone kama na miye nmelisikia. Nlikuwa nmelisikia. Basi tu, nlijitia kushughulika na waya.

Sasa nsikilize. Ile alasiri ya Idi.

Unajua, na asiyejua ajue, kwamba kwenye taarabu mtu hainuki ovyo. Ubeti anaouinukia mtu kwenda kumtunza mwimbaji fedha, ule ndio ujumbe wake, na ukumbi mzima hugeuka kumtafuta anayetumiwa. Bi Marashi alikuwa akiimba ile ya mti usiozaa, mwenye shamba anaumwagilia maji mwaka hadi mwaka na hapati hata ua. Sisi tulikuwa na miaka sita ndani ya nyumba na mtoto hatuna. Miye nikainuka. Nikapita katikati ya ukumbi na makubazi yangu yanayolia, nikafika jukwaani, nikamtunza. Vichwa vyote vya wanawake vikakugeukia. Hukutoka. Ulikaa mpaka nyimbo ya mwisho, mkono juu ya mkono.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani jua bado liko juu, watoto wa mtaani na nguo zao mpya wanatuamkia, unawaitikia marahaba mmoja mmoja, kwa sauti nzuri tu. Mlangoni ndipo uliponiuliza. Nikakwambia upande wa kwanza wa kanda ulikwisha pale, nlikwenda kuigeuza, na nlipofika mbele ya Bibi na macho ya watu yote mgongoni nkaona haya kusimama mikono mitupu, ndio nikatunza. Bahati mbaya ya ubeti.

Ukanitazama. Ukasema, "Kanda haina miguu, Makame. Miguu ni yako."

Kesho yake ukataka talaka, na miye kwa jeuri nikakupa.

Hadithi ile ya kugeuza kanda nliisimulia kwa mama, kwa ndugu zako waliokuja kusuluhisha, kwa wacheza bao wote wa mtaa huu. Nliisimulia mpaka nikaiamini. Watu wakanionea huruma, masikini Fundi, kaachika kwa sababu ya kanda ya dakika thelathini. Na kila nlipoisikiliza kanda yenyewe, nikifika nyimbo ile nliivuta mbele. Nlijiambia siipendi ala yake.

Kisha nikaoa tena, unajua. Bi Fatma, Mungu amrehemu, mwanamke mwema, tukakaa miaka kumi na tisa. Naye hakuzaa. Mama akaanza tena maneno yake ya mti, miye nikamwambia nyamaza mama, maana shamba moja likikataa utasema ni ardhi, yakikataa mawili mtazame mkulima. Alininunia mwezi mzima. Lakini kwako sikuja kusema. Kutoka hapa hadi Kizimkazi ni safari ya asubuhi moja tu, na miye imenishinda umri mzima.

Basi siku ya tatu Bi Salma kavaa vile vya masikioni, anasikiliza kanda ile ya Idi. Miye nnamenya machungwa. Nikaona mkono wake umesita. Akarudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena. Akavivua, akaniuliza, "Mzee Makame, huyu anayezungumza na Bibi hapa ni nani?"

Nikamwambia simjui, ukumbini humo wanaingia watu wa kila aina.

Hakubishana. Akachomoa waya, sauti ikatoka nje, barazani, mchana kweupe, wapita njia wanapita. Nikamsikia Bi Marashi anaumaliza ubeti. Nikayasikia makubazi, kwi, kwi, kwi, yanakuja mpaka karibu. Kisha sauti ya kijana mwenye meno yote na kiburi chote, karibu kabisa, kwa sababu mjinga yule alisahau kwamba redio yake mwenyewe ipo pale miguuni na inakula kila kitu.

"Rejea huo, Bibi. Mwenyewe yumo humu ndani."

Na Bibi akaurejea. Kanda haikukatika, Mwanakheri. Iliendelea nyimbo mbili nzima ndipo ikalia tak. Na kutoka pale mpaka mwisho, upande wa kwanza na wa pili, nmesikiliza mara nne sasa, kigelegele chako hakimo.

Bi Salma ni mtu wa adabu. Akasema kipande kile anaweza kukiondoa, dakika moja tu, hakuna atakayejua. Nyimbo zitarushwa mwezi huu, na Kizimkazi nyote mtasikiliza. Nikamwambia akiache. Nikamwomba tu anisubiri nikuandikie kwanza, usije ukaisikia sauti yangu redioni ukiwa unapika, ukaungua. Na nimeleta barua hii gazetini, badala ya kuitia katika bahasha, kwa sababu nlikutukana mbele za watu. Nikikuomba radhi uchochoroni, hiyo itakuwa radhi gani?

Basi watu wote washuhudie. Hukuwa mti usiozaa. Nliinuka nikijua, na nlijua ubeti wa nani. Mama alikuwa amenijaza maneno wiki nzima, lakini ulimi ule kwenye kanda si wa mama, ni wangu. Ulikuwa mkweli toka mlangoni, na miye nmekuzulia kwamba una wivu na kwamba huelewi mambo ya mitambo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia nnaelewa.

Sitaki turudiane, usiogope. Nmechoka. Magoti yananiuma, jicho moja limeshakwenda zake, na kugombana na weye kunataka nguvu ambazo sinazo tena. Nmechoka khasa na ile hadithi. Hujui uzito wa kubeba uongo ambao kila mtu ameukubali isipokuwa mmoja.

Lakini kama weye ulikuwa ukinidai kweli, na miye kuna kitu nnakudai. Siku uliyoondoka, sanduku limeshatangulia, ulisimama ukumbini mwa nyumba yetu ukasema siku ntakayosema kweli utanipikia mkate wa kumimina kwa mkono wako. Nlikujibu kwamba ntakufa sijaula. Sasa nshasema kweli, tena kwa wino. Mtu yeyote anayekuja mjini mpe aulete, Ng'ambo yote wanaijua nyumba ya Fundi Makame. Usiukaushe sana, meno yamebaki matatu. Na kama bado una hasira, upike hivyo hivyo, badala ya sukari utie chumvi. Ntaula wote.

Ni miye, aliyekuwa mumeo,
Makame