Petroli Inakwenda Wapi

Jumatatu, 6 Mei 1974. Ilongero
Nimefunga tena silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya lori la kijiji. Mara ya tatu. Niliikwangua ili injini ibane zaidi, nikaweka kabureta ndogo, nikachonga upya kwa tupa kamshafti, ile fimbo inayofungua vali. Nataka livute mzigo mzito polepole bila kunywa petroli ovyo. Leo limepanda korongo la mchanga na magunia ya uwele hadi juu, gia ileile. Nilicheka peke yangu.
Jioni nikapima tangi kwa kijiti. Petroli imepungua kuliko zamani.

Jumatano, 8 Mei
Nimerudia hesabu. Injini inayobana hivi haiwezi kula hivi. Hesabu ni sahihi, basi kuna mtu anayeiba. Lori analilaza Daudi uani kwake. Ndiye dereva, kaka yake mke wangu Anna. Funguo anazo yeye.

Ijumaa, 10 Mei
Barua kutoka wilayani. Petroli ni adimu nchi nzima. Mwisho wa mwezi atakuja mtu kupima ulaji wa lori. Likila sana, linachukuliwa. Wagonjwa wa kule Mgori, kijiji jirani, watarudi kubebwa kwenye machela. Na injini yangu itaitwa upuuzi wa fundi asiyesoma.

Jumanne, 14 Mei
Nimepita kwa Daudi. Nyuma ya ghala lake kuna dumu. Nikafungua, nikanusa. Asali.
"Ya Itigi, shemeji. Chukua kidogo uwapelekee watoto."
Nikakataa. Mwenye hila hakosi dumu la asali la kuonyesha watu.

Alhamisi, 16 Mei
Asubuhi nilifunga kifuniko cha tangi kwa waya, nikaupaka rangi kwenye fundo. Sikumwambia Daudi. Jioni rangi haijapasuka, petroli imekwenda. Basi anaitolea chini, kwenye bomba. Nimelala chini ya lori nikitafuta alama ya spana. Sijaona. Anajua kazi.
Anna ameuliza kwa nini namwangalia kaka yake vile.

Jumamosi, 18 Mei
Kikao cha kamati ya kijiji. Nimesema yote. Daudi alisimama, kofia mkononi.
"Sijachukua hata ya kutolea doa kwenye shati."
Mwenyekiti akaniuliza kama nimemwona kwa macho. Nikasema sijamwona, ila injini naijua.
Wamemvua udereva. Funguo alinikabidhi mimi, kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake. Mimi ni mdogo kwake.
Anna amechukua watoto, amekwenda kwa mama yake, hapahapa kijijini.

Jumatatu, 20 Mei
Daudi amehamia shambani kwa baba yao, Mgori. Watu wananisalimia kifupi. Dereva mpya ni Athumani. Lori sasa linalala kwangu. Tutaona.

Jumatano, 22 Mei
Nimekaa pembeni ya Athumani kutwa nzima, kwenda Mgori na kurudi. Sikushuka hata kula. Petroli imekwisha vilevile.
Nikaanza kumshuku Athumani. Mtu niliyegusana naye bega tangu asubuhi. Nimejionea aibu.

Alhamisi, 23 Mei
Nimemwaga oili ya injini. Imetoka nyepesi, nyingi kuliko niliyotia. Inanuka petroli.
Nikafungua pampu ya petroli. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachosukuma petroli. Cha zamani kilikufa nilipokuwa naibadili injini, spea hakuna, nikakata kingine kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli. Mimi mwenyewe. Kimevimba, kimelainika, kimechanika. Petroli ilikuwa inavujia ndani ya injini kila siku.
Hakuna aliyeiba.
Nimekaa chini hadi miguu ikafa ganzi.

Jumamosi, 25 Mei
Mapadri wamenipa pampu kuukuu ya gari lao bovu. Inaingia. Lori limekwenda Mgori na mzigo kamili, limerudi, tangi lina zaidi ya nusu. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Sikufurahi nilivyotegemea.
Nimewaambia kamati kosa ni langu, Daudi hana hatia. Mmoja akauliza lori litakwenda mjini lini.
Nikaenda kwa mama mkwe, nikawaambia vilevile. Anna hakunikaribisha kiti. "Sisi umetuambia. Yeye je?"

Jumapili, 2 Juni
Mpimaji alikuja juzi, ameridhika. Lori linabaki.
Leo nimekwenda Mgori kwa miguu. Daudi alikuwa anapura uwele na wanawe. Nikamsalimu, nikasema mbele ya watoto wake: nilikusingizia, kosa lilikuwa la mikono yangu. Nikamwekea funguo juu ya gunia.
Alipumzisha fimbo yake.
"Linavuta?"
"Linavuta."
"Vizuri."
Akaendelea kupiga. Funguo hakuzigusa. Nikaokota fimbo nyingine, nikasimama upande wa pili wa lile rundo. Tulipura hadi jua likashuka kwenye msitu. Hakusema atarudi, nami sikumuuliza. Mke wake alileta maji, akampa yeye kwanza, kisha mimi.